Madam, hiyo hela aliichukua nani?

Juzi kuna mwalimu mgeni kaletwa shuleni kwetu hapa Bagamoyo, kijana ndo kwanza katoka chuo, akanifuata ofisini na andalio lake la somo mkononi akaniuliza, madam, hapa kwenye jografia ya mito niweke mstari gani wa Biblia? Kaambiwa shule ni ya Kikristo kwaiyo kila kipindi lazima kiwe na Mungu ndani. Nilimuonea huruma kwa sababu mi mwenyewe nilianza hivohivo. Miaka yangu mitatu ya kwanza nilikuwa naandika mstari kwenye kona ya ubao, halafu nafundisha misafara ya pembe za ndovu kama kawaida, kengele ikilia nafuta vyote kwa pamoja. Ule mstari haukuwahi kugusana na somo hata siku moja na wanafunzi walikuwa wanajua, watoto wana macho.

Nilichomwambia ndo nakiandika hapa kwa walimu wengine wa shule zetu za dini. Imani usiibandike juu ya somo, itafute humohumo ndani ya somo lenyewe, imo.

Mi nafundisha Historia. Kila mwaka kidato cha pili nawapeleka misheni, pale mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walipofika 1868. Kuna mbuyu mkubwa pale, ukiusogelea unaona kipande cha mnyororo kimetokeza kwenye gome, sehemu nyingine yote mti umeshaimeza. Kwa miaka nilikuwa nawaambia watoto ule ni mnyororo wa watumwa. Niliusikia hivo kwa watu nami nikaupokea, na ulikuwa unafanya kazi jamani, darasa zima linanyamaza. Mpaka mwaka mmoja mzee aliekuwa anatutembeza akanivuta pembeni taratibu akaniambia mwalimu, huo mnyororo inavyoelezwa hapa ni wa mama mmoja wa Kizungu alikuwa anafungia punda wake, ukaachwa, mbuyu ukanenepa ukaumeza.

Sikulala vizuri siku ile. Kipindi kilichofuata nikasimama mbele yao nikasema, nimewafundisha kitu ambacho sikukihakiki, na amri ya nane tunayoikariri wote inakataza kushuhudia uongo, haijasema uongo ukiwa unagusa moyo unaruhusiwa. Watumwa walipita Bagamoyo kwa maelfu, mateso yao ni ya kweli, hayahitaji mnyororo wa punda kuyathibitisha. Darasa lilitulia. Halafu mmoja akauliza, kwaiyo madam na vingine ulivyotufundisha tuvihakiki? Nikamwambia ndio, vyote. Tangu hapo wakawa hawaniachii, kila nikisema kitu utasikia "madam umejuaje?" Inachosha, vipindi vinapitiliza, lakini naamini siku ile niliwafundisha dini kuliko mistari yote ya kona ya ubao.

Lingine lililonibadilisha ni swali la binti mmoja, mkimya sana, sikutegemea. Nilikuwa nawaeleza kwamba kabla soko la watumwa la Zanzibar halijafungwa 1873 wamisionari walikuwa wanakwenda kuwanunua watumwa, hasa watoto, wanawaleta huku kwenye kijiji cha uhuru wanasoma, wanalima, wanajifunza ufundi. Akanyoosha mkono. "Madam, hiyo hela aliichukua nani?" Nikamwambia ni mfanyabiashara wa watumwa. "Sasa si alienda kuleta wengine?"

Jibu la haraka lilikuwa mdomoni, kwamba nia yao ilikuwa njema. Nikalimeza. Walimu wenzangu, hapa ndo nawaomba mnisikilize, mtoto akiuliza swali la namna hii usilizibe kwa kuilinda dini, dini haiogopi swali. Nikawaambia sijibu leo, tuna wiki mbili. Nikawapa Waraka kwa Filemoni, aya 25 tu, Paulo anamrudisha mtumwa Onesimo kwa bwana wake na anasema kama kuna deni liandikwe kwake yeye. Tukasoma na daftari la historia likiwa wazi pembeni.

Somo tunafundisha kwa Kiingereza lakini siku ile nilikiweka kando, maana Kiswahili kina neno lake, kukomboa. Nikawauliza nani nyumbani kwao wamewahi kuweka simu bondi? Mikono ikapanda. Na mnairudishaje? Tunaenda kuikomboa. Kwa kitu gani? Kwa hela. Palepale yule binti akasema polepole, kumbe Mkombozi ni hivo. Neno analoliimba kila Jumapili, sidhani kama aliwahi kulisikia uzito wake.

Darasani nilikuwa na wanafunzi 42, kati yao 11 Waislamu, hii ni Bagamoyo, usiwafanye watu wa kungoja nje mpaka mmalize mambo yenu. Kijana mmoja wao aliandika kwamba ustadhi wake kawafundisha yale mafungu manane ya zaka na mojawapo ni kukomboa watumwa, kwaiyo swali la hela aliichukua nani linamhusu na yeye pia. Ile kazi niliisoma mara tatu. Walioona wamisionari walikosea na walioona hawakuwa na njia nyingine wote niliwapa maksi kwa hoja zao, hakuna aliekatwa kwa kutoitetea misheni.

Wa Bayolojia mnae Mendel, yule wa kanuni za urithi, mtawa wa shirika la Mt. Augustino, alihesabu njegere zake kwenye bustani ya monasteri karibu miaka 8 kabla ya kuchapisha 1866. Msimtumie kushinda mabishano ya dini na sayansi, waonyesheni tu ule uvumilivu wa kuhesabu.

Yule kijana wa jografia nikamwambia achana na mstari kwanza, mto Ruvu si huo hapo, unaingia baharini hapahapa kwetu, wapeleke wakauone. Wakaulize maji yake yananywewa na nani mpaka Dar es Salaam, na nani huko juu anayachafua, halafu waulize lile swali aliloulizwa Yesu, jirani yangu ni nani. Akaangalia andalio lake muda mrefu, akakata ile sehemu aliyoiachia mstari, akauliza basi la shule linaombwa kwa nani. Nikamwambia kwa mwalimu wa taaluma, na aombe mapema, muhula huu lina foleni.