Usisubiri nyundo ya dalali

Wengi hapa Mbeya wakipata notisi ya benki kwamba wameshindwa kulipa mkopo huitupa kabatini, simu za afisa mikopo hawapokei, halafu asubuhi ya mnada ndipo wanamtafuta wakili. Nyumba ikishauzwa, Sheria ya Ardhi inamlinda mnunuzi wa nia njema, yaani aliyenunua bila kujua kasoro yoyote. Wewe utabaki kudai fidia.

Sisi tuliweka nyumba ya Uyole rehani kupata mtaji wa viazi. Bei ikaanguka, marejesho yakakwama. Wakili tuliyemwendea hakugusa habari za mahakama kwanza. Aliuliza, "Mama, notisi mliipokea lini, na nani alisaini kuipokea?" Kumbe sheria inampa mkopaji siku 60 tangu apokee notisi inayoeleza ameshindwa wapi na afanye nini kurekebisha. Zetu zilikuwa hazijaisha, na dalali alishabandika tangazo getini, majirani wote wamesoma! Tangazo la mnada nalo lina muda wake: siku zisizopungua 14. (Sheria ya Madalali mpaka leo inataja kutangaza kwa kupiga ngoma. Sijawahi kuisikia.)

Tukadai stetimenti ya mkopo, ukurasa kwa ukurasa. Mwezi mmoja ulikuwa umekatwa faini ya ucheleweshaji mara mbili. Barua moja ya wakili, yenye tarehe hizo na faini hiyo, ikasogeza mnada na tukapangiwa marejesho upya.

Kama nyumba ni ya familia na mwenza hakuridhia rehani, hiyo ni hoja nzito. Ila kama alisaini, msiende kumdanganya hakimu. Saini iko kwenye faili. Bei pia ina ulinzi: ikiuzwa chini ya bei ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, benki ndiyo itakayojieleza. Kwa hiyo tafuta mapema mthamini aliyesajiliwa, akukadirie bei hiyo ya soko.

Zuio la mahakama, yaani amri ya kusimamisha mnada, lipo, lakini si la kuombea huruma. Tangu kesi ya Atilio dhidi ya Mbowe ya 1969, majaji hupima mambo matatu: kama una hoja ya kusikilizwa, kama hasara yako haifidiki kwa fedha, na nani ataumia zaidi, wewe zuio likikataliwa au benki likitolewa. Deni halifutiki, kwa hiyo endelea kulipa hata kidogo, na risiti utunze.

Malalamiko yapeleke kwanza benki yako, kwa maandishi, nakala igongwe muhuri wa kupokelewa. Wakikaa kimya, nenda nayo Benki Kuu. Tawi lipo hapahapa mjini.