Kabla hujaandika kisa cha kale, uliza mwezi ulikuwa wa ngapi

Wewe unayeanza kazi hii ya kukusanya visa vidogo vya historia, vile ambavyo vitabu vya shule huvipa mstari mmoja au havivigusi kabisa, nakuandikia yale ambayo ningependa kuambiwa mwaka wangu wa kwanza. Nitaanza na kosa langu.

Nilikuwa naandaa kipindi cha redio kuhusu Sayyid Khalid bin Barghash, yule aliyekalia kiti cha usultani wa Zanzibar kwa siku mbili tu. Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki tarehe 25 Agosti 1896, na Khalid akaingia kasri bila ridhaa ya Waingereza. Tarehe 27 wakalipiga kasri kwa makombora kutoka baharini. Khalid akakimbilia kwenye ubalozi mdogo wa Ujerumani, akakaa humo mwezi mzima na zaidi huku askari wa Waingereza wakimvizia nje. Wajerumani waliahidi kwamba hatakanyaga tena ardhi ya Zanzibar, na ahadi hiyo waliitimiza neno kwa neno. Tarehe 2 Oktoba, maji yalipojaa, mashua ya manowari yao Seeadler ilifika hadi kwenye mlango wa ubalozi ulioelekea baharini. Khalid akavuka kizingiti, akaingia mashuani, akapelekwa Dar es Salaam. Mchanga hakuugusa.

Mimi nikaandika: "siku ya maji ya bamvua." Hakuna aliyeniambia hivyo. Nilidhani tu kwamba kwa maji kufika mlangoni lazima yawe ya bamvua, na neno lenyewe lilinipendeza. Kabla ya kurekodi nilimsomea mzee mmoja mvuvi, pale Malindi ya Unguja, akiwa anashona nyavu. Hakuinua kichwa. Aliniuliza, "Mwanangu, mwezi ulikuwa wa ngapi?"

Nikamjibu kwamba ulikuwa mwezi wa kumi, Oktoba.

"Sikuulizi mwezi wa Kizungu. Nakuuliza mwezi wa mbinguni ulikuwa wa ngapi."

Sikujua. Nilirudi nyumbani nikakaa na kalenda ya Hijria, nikakuta siku ile inaangukia mwezi 24 wa mfunguo saba, yaani Rabiul Akhir, mwaka 1314. Nikamrudia. Akanifafanulia kwa upole, bila kunifedhehesha, kwamba bamvua hufuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, ndipo maji hujaa sana na kupwa sana. Mwezi 24 uko mbali na yote mawili. Siku za katikati ni za maji mafu, yasiyojaa sana wala kupwa sana, na mwezi 24 ndiyo kwanza maji yanaanza kupata nguvu tena. Kwa hiyo ule ulikuwa mjao wa kawaida tu. Nyumba ilijengwa ukingoni mwa bahari, na mtu anayeijua pwani alichagua saa. Nililifuta neno langu, na kisa kikawa kizuri kuliko mwanzo, maana nyuma ya ujanja ule sasa niliona watu waliojua bahari yao, si bahati ya maji makubwa.

Hili ndilo ninalotaka ulichukue. Kisa cha ajabu hutokea mahali ambapo watu wana saa yao, kalenda yao na majina yao ya vitu. Usipovijua hivyo utasimulia ajabu ambayo haikuwepo, na iliyokuwepo itakupita.

Chukua vita vyenyewe. Duniani vinajulikana kama vita vifupi kuliko vyote, dakika 38, ingawa wengine huhesabu 40 na wengine 45. Muda waliopewa watu wa kasri uliisha saa tatu asubuhi, na dakika mbili baadaye mizinga ikaanza. Nimewahi kupokea maandishi ya kijana mwenye kipaji kikubwa yakisema "saa tisa asubuhi", kwa sababu alichosoma kiliandikwa kwa hesabu ya Kizungu naye akaihamisha kama ilivyo. Msikilizaji wa pwani akisikia hivyo anazima redio, na ana haki.

Lakini kosa kubwa zaidi kwenye kisa hiki ni kicheko. Watu hukisimulia kama kichekesho: vita vilivyokwisha chai haijapoa. Upande wa kasri watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa. Upande wa Waingereza aliumia baharia mmoja. Ukianza na dakika 38, na uanze, kwa sababu ndizo zinazomvuta msomaji, usimwachie aondoke kabla hajaisikia hiyo 500. Mimi huiweka mapema na sihangaiki kama inaharibu utamu.

Tanga nako kuna mtego wa aina hiyo. Novemba 1914 Waingereza waliteremsha askari wapatao 8,000 kutoka India ili wauteke mji. Waliokuwa wanaulinda walikuwa kama 1,000, wengi wao askari Waafrika chini ya kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck. Katikati ya mapigano risasi zilipasua mizinga ya nyuki iliyokuwa mitini, nyuki wakatoka na kuwauma watu wa pande zote mbili. Kwao Uingereza zikaenea habari kwamba Wajerumani walitega nyuki makusudi. Kwa hiyo hadi leo ni "vita vya nyuki", na kila anayeanza huja kwangu na nyuki.

Nyuki ni wa kweli, waweke. (Kiswahili kimekupa na zawadi hapo: mzinga wa nyuki na mzinga wa vita ni neno moja.) Ila nyuki hawakushinda vita. Reli ya Usambara ilishusha vikosi kutoka upande wa Moshi kabla washambuliaji hawajajipanga. Askari waliokuwa wakipigania vichaka walivyovijua walikutana na watu waliotoka kwenye safari ndefu ya meli. Waingereza walipoondoka waliacha bunduki za rashasha 16 na risasi 600,000. Ukimpa nyuki ushindi, umemnyang'anya askari, naye tayari ameandikwa mara chache mno. Kila unapokutana na kisa ambacho mnyama, mvua au bahati ndiyo iliyoamua kila kitu, tafuta nani alikuwa anafanya kazi pale.

Kuhusu twiga wa Malindi, ile ya pwani ya Kenya, aliyepelekwa China, jambo moja tu: ule mchoro maarufu wa twiga, wenye maandishi ya Mchina Shen Du, ni wa mwaka 1414 na twiga wake alitoka Bengali. Wa Malindi alifika 1415. Usiuweke mchoro ule juu ya habari ya Malindi.

Ukienda kwa wazee, acha kuuliza "mwaka gani". Uliza kama alikuwa ameshaolewa, kama mnazi ule ulikuwa umeanza kuzaa, kama ilikuwa kaskazi au kusi. Daftari liweke chini mpaka kahawa imalizike. Na ukiwa kwenye Nyaraka za Taifa za Zanzibar pale Kilimani, omba uone barua za malalamiko pia, si ripoti za wakubwa peke yake; humo ndimo watu wadogo huwa na sauti.

Nakuachia kisa ambacho mimi sijakimaliza. Asubuhi ile ya 1896 meli ya Sultani, Glasgow, ilizamishwa mbele ya mji. Maji pale si ya kina kirefu, kwa hiyo milingoti yake ilibaki imesimama juu ya bahari hadi 1912, meli ilipokatwakatwa na kuondolewa. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa vita alifika umri wa miaka 16 akiiona kila alipotazama baharini. Lazima siku moja aliuliza ile ni nini. Nimekuwa nikitafuta, kwenye barua na kwenye vinywa vya wajukuu, jibu alilopewa.