Muuzaji anasema SSD hii inaingia kompyuta yoyote. Ni kweli?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina steshenari hapa Mwanga, Kigoma. Kompyuta yangu ni Dell OptiPlex 7010, ile ndefu ya kusimama. Nikiiwasha asubuhi, mteja anasubiri mpaka anaaga. Nimeonyeshwa SSD (diski ya kasi ya kuhifadhia mafaili) nyembamba kama bigijii, imeandikwa M.2 NVMe, 256 GB. Ninunue?

JIBU: Usinunue, dada. SSD yenyewe ni nzuri, ila mazabodi (bodi kuu ya ndani) ya 7010 ya zamani, ile ya 2012, haina tundu la M.2, yaani la SSD nyembamba kama hiyo. Muuzaji atakwambia kuna adapta ya kuchomeka kwenye PCIe, matundu ya kadi za ziada. Ipo kweli, lakini BIOS (programu ya ndani inayoiamsha kompyuta) ya mashine hiyo haijui kuwasha Windows kutoka kwenye SSD ya NVMe kama hiyo. Niliwahi kumfungia mteja wa Ujiji bila kuwaza. Windows ikaiona kama mahali pa kuhifadhi mafaili tu, na kuwaka ikaendelea kuwaka kikobe. Nilimrudishia hela yake ya ufundi.

Inayokufaa ni SSD ya SATA (aina ya waya na tundu la diski ambalo mashine yako inalo) ya inchi 2.5, ile bapa yenye gamba. Hakikisha kwanza: zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, fungua ubavu, gusa bati la kesi, kisha fuata waya mwembamba unaotoka kwenye hadi diski (diski yako ya sasa, inayozunguka) mpaka kwenye mazabodi. Pale ulipoishia utaona maandishi madogo: SATA0. Hapo ndipo SSD itakaa, na hadi diski ya zamani ihamie tundu la pili ibaki na kazi za wateja. Tundu hilo ni la 6 Gb/s, maana yake SSD itasoma karibu MB 500 kwa sekunde. Hadi diski nyingi za kawaida hucheza kwenye 100 hadi 200. SSD ya SATA haifikii NVMe, sawa, lakini kwa Word na kuprinti hutaona tofauti.

Wengi hukwama kwenye waya. SSD hizi mara nyingi huja tupu, kwa hiyo nunua na waya wa data wa SATA. Kama saplai haina kichwa cha SATA kilichobaki, azima cha DVD (nani bado anakuletea CD?). Nafasi ya diski kuwa kubwa, ya inchi 3.5, isikusumbue. Ndani ya SSD hakuna kinachozunguka, hivyo hata ukiishika kwa gundi ya pande mbili inafanya kazi, ingawa kibati cha kuishikilia ni bei ndogo na kinapendeza zaidi.

Kwenye BIOS, bonyeza F2, kuna SATA Operation, mpangilio wa jinsi mashine inavyoongea na diski. Ukiwa unapiga Windows upya kwenye SSD, chagua AHCI hapo kabla ya kuanza. Ukiwa unahamishia Windows ya zamani kwenye SSD, iache ilivyo. Ukiigeuza ghafla, unaweza kukutana na skrini ya bluu.

Na kama SSD ni ya mtumba, mwambie muuzaji aifungue kwenye CrystalDiskInfo, programu ya kuonyesha afya ya diski, mbele yako. Akianza visingizio, mwachie.