Picha za Tingatinga: maisha ya mchoraji yanaonekana wapi?

Swali: Naandika uchambuzi wa picha za Edward Saidi Tingatinga. Msimamizi wangu anataka nioneshe jinsi maisha na jamii vilivyoathiri sanaa yake, ila mimi naona mnyama mmoja, rangi zinazong'aa, na kivuli hakuna. Je, ni kwa sababu hakusomea uchoraji?

Jibu: Kutosomea kumo, lakini usianzie hapo. Ukishaandika "hakusoma" umefunga uchambuzi kabla hujautazama ubao. Anza na vifaa.

Tingatinga alizaliwa Tunduru, kusini mwa Tanzania, mwaka 1932, akahangaika na vibarua vya kila namna, zikiwemo kazi za ndani Dar es Salaam, na ilipofika mnamo 1968 ndipo akaanza kuchora picha za kuuza. Mtu wa kipato kile hanunui turubai ya kuchorea. Alitumia hadibodi ya ujenzi, yaani ubao mwembamba wa kiwandani, vipande vya mraba vya takriban sentimita 60 kila upande. Piga hesabu: bodi nzima ya futi 4 kwa 8 inatoa vipande 8 vya futi mbili mbili, na hakibaki cha kutupa. Mraba ule ambao wengine wanautafutia falsafa, mimi nauona umetoka mfukoni.

Rangi nayo ni ile ya mafuta ya kupakia baiskeli. Hujisawazisha yenyewe, alama za brashi zikapotea, na hukauka taratibu. Ukiigusa mapema unaichafua. Kufifisha mwanga kuwa kivuli kidogo kidogo kwa rangi ya aina hiyo ni kazi ngumu. Kilicho rahisi ni kupaka usuli, yaani rangi ya nyuma ya picha, kusubiri ukauke, kumweka mnyama kwa rangi bapa, kisha madoa na mistari. Sogea karibu na chui wake: doa lina ukingo mkali kwa kuwa limekaa juu ya rangi iliyokwisha kukauka.

Jamii inaingia kupitia mnunuzi. Picha ziliuzwa penye duka la Morogoro Stores, Oysterbay, Dar es Salaam, mtaa wa wageni wengi, na mgeni alitaka mnyama wa porini. Hapa andika kwa tahadhari, maana Tingatinga mwenyewe alikulia kusini, kwenye wanyama hao. Kumbukumbu na soko vilikutana. Ukichagua kimoja tu utabanwa siku ya kuutetea uchambuzi wako, na mimi ningekubana.

Jambo moja zaidi. Aliuawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972, wakimdhania mhalifu. Wanafunzi wengi hukitafuta kifo hicho ndani ya picha, ilhali zote zilichorwa kabla yake. Kitakachokufaa zaidi ni kuweka picha yake moja kando ya picha ya wafuasi wake, wale walioanzisha chama chao cha ushirika mwaka 1990. Kwao utakuta pia hospitali, soko na umati wa watu, ubao umejaa hadi pembeni. Rangi haikubadilika sana, kwa hiyo tofauti hiyo unaweza kuieleza zaidi kwa mji na wanunuzi.