Saa ya kuamka haiguswi, hata shule ikifungwa siku nne

Futa hiyo ratiba kabla hujaianza. Umeandika kwamba mmepewa mapumziko kuanzia Ijumaa hadi Jumatatu, kwamba utakesha na filamu na gemu mpaka saa 9 usiku, uamke saa 6 mchana, halafu Jumatatu jioni ufue sare, umalize kazi za shule na kupanga mkoba. Unauliza ugawe vipi muda kati ya marafiki, kazi za nyumbani na masomo. Mdogo wangu, hata ugawe vizuri namna gani, ratiba hiyo itakuharibia Jumanne, Jumatano na Alhamisi, na inaniuma kuona waliokujibu kabla yangu wanakupigia makofi.

Kosa kubwa liko kwenye hiyo saa 6 mchana. Ndani ya ubongo kuna saa inayopanga usingizi uje lini, joto la mwili lishuke lini na uchangamke lini. Kwa watu wengi mzunguko wake unazidi kidogo saa 24, kwa hiyo kila siku unahitaji kusahihishwa, na kinachousahihisha kuliko kitu kingine chochote ni mwanga wa asubuhi unaoingia machoni. Ukilala mpaka mchana umeukosa. Ukikodolea simu usiku wa manane, umeupa ubongo mwanga kwa wakati ule ule unaoichelewesha saa hiyo. Na wewe uko kwenye umri mbaya kwa jambo hili: kuanzia balehe, melatonini, yaani homoni inayoujulisha mwili kwamba usiku umeingia, huanza kutoka kwa kuchelewa kuliko utotoni. Kusogea mbele kunakuja kwenyewe. Kurudi nyuma ndiko kunakotesa.

Sasa piga hesabu. Kwa kawaida unalala saa 4 usiku na kuamka saa 12 asubuhi. Baada ya siku tatu za kuamka mchana, saa ya mwili imeshachelewa kwa masaa kadhaa. Jumatatu unapanda kitandani saa 4 usiku kama mtu mwenye nidhamu, na usingizi hauji kabisa. Hauji kwa sababu masaa mawili matatu kabla ya muda ambao mwili umezoea kulala ndiyo muda unaokuwa macho zaidi jioni, na wewe umejilaza katikati yake. Unageukageuka mpaka saa 8 usiku. Kengele inalia saa 12. Umepata masaa manne, wakati kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji 8 hadi 10. Kisha saa ya mwili inarudi polepole, kama saa moja kwa siku, na hapo ni kama unapata mwanga wa asubuhi kila siku. Ndiyo maana nimetaja mpaka Alhamisi. Mwaka 2006 mtafiti wa saa ya mwili Till Roenneberg na wenzake huko Ujerumani waliifananisha hali hii na uchovu wa mtu aliyevuka kanda za saa kwa ndege, na dalili zake ni zile zile: kichwa kizito, hamu ya kula inayokuja saa zisizo zake, kusoma ukurasa mmoja mara tatu.

Wanaonikera ni hawa wanaosambaza ushauri wa "lala mpaka uchoke, ulipe deni la usingizi". Deni lipo, hilo sibishi. Lakini linalipwa upande wa kulala, siyo upande wa kuamka. Ukiwa umechoka, panda kitandani saa 3 usiku badala ya saa 4. Au lala kidogo mchana, dakika 20 mpaka 30, kabla ya saa 9 alasiri. Ukizidisha hapo unaingia usingizi mzito, unaamka umelewa usingizi, na usiku unalala kwa tabu. Kumwambia mwanafunzi alale mpaka mchana kwa siku nne bila kumweleza Jumanne itakuwaje ni kumdanganya.

Kanuni yenyewe ni hii: saa ya kuamka isisogee zaidi ya saa moja, siku zote nne. Kama shuleni unaamka saa 12, mwisho wako ni saa 1 asubuhi. Simu inayolia iweke mbali, mahali ambapo lazima usimame kuizima. Fungua pazia, na ndani ya nusu saa toka nje ukae dakika 20 au 30. Usitegemee taa ya chumbani, maana mara nyingi haifiki lux 500 (lux ni kipimo cha mwanga), wakati nje hata kukiwa na mawingu ni maelfu.

Unataka kukesha? Kesha Ijumaa, usiku mmoja tu. Jumamosi amka saa 1 hivyo hivyo, lala kidogo baada ya chakula cha mchana, na usiku uchovu wenyewe utakulaza mapema. Jumapili na Jumatatu usikeshe kabisa. Kahawa na vinywaji vya kuchangamsha mwisho saa 6 mchana, kwa sababu baada ya masaa matano hivi karibu nusu ya kafeini bado iko mwilini.

Kazi za shule fanya Jumamosi na Jumapili asubuhi, ukianza na ile unayoiogopa. Jumatatu ibaki ya kupitia tu.

Kwa wanaosoma hii Jumatatu mchana na wameshaharibu: msijilaze saa 2 usiku kwa nguvu, mtabaki mkikodolea dari. Nanyi mliobakiwa na siku mbili za ziada, kesho msikurupuke alfajiri kutafuta jua. Saa ya mwili ikishachelewa, alfajiri kwake bado ni usiku, na mwanga mkali wakati huo unaweza kuichelewesha zaidi. Amkeni kama saa 2 asubuhi, tokeni nje hapo hapo, siku ya pili rudisheni saa moja. Taa zipungue kuanzia saa 2 usiku, simu ilale chumba kingine. Usingizi usipokuja ndani ya dakika 20, ondoka kitandani, kaa kwenye mwanga hafifu usome kitabu cha karatasi, urudi kope zikilegea.