Besi Hulia Hata Bila Nyuzi za Elfu Sita

Vijana wanaopiga gitaa la besi makanisani hapa Kisumu huniuliza swali moja kuliko mengine yote, na wala si la skeli au la vidole. Ni la mfuko: "Omera, nyuzi zimekufa, na nikiuliza bei naambiwa shilingi elfu sita. Sasa?"

Mimi huwaambia waache kwanza kuangalia bei ya pakiti. Waulize nyuzi hizo zitakaa miezi mingapi zikiwa bado zinalia wanavyotaka, kwa mahali wanapopigia. Ukipiga hesabu hiyo utaona kuna nyuzi za bei ya chini ambazo ni hasara tupu, na kuna nyuzi ghali ambazo ndizo rahisi kuliko zote.

Uzi wa besi ni waya wa chuma katikati, uliozungushiwa waya mwingine kwa nje. Huo wa nje mara nyingi ni chuma kilichopakwa nikeli, au chuma kisichoshika kutu. Basi. Elfu sita inatoka wapi? Kwa sehemu kubwa inatoka kwenye utando. Kampuni kama Elixir hufunika uzi kwa utando mwembamba sana wa plastiki ili jasho na uchafu visiingie ndani. Huko Marekani seti ya besi ya namna hiyo huuzwa karibu dola 45 hadi 50, na ukizidisha kwa shilingi 130 umeshafika elfu sita, kabla hujaongeza nauli ya mzigo na VAT ya asilimia 16. Seti ya kawaida ya D'Addario au Ernie Ball, isiyo na utando, huko huko huwa karibu nusu ya bei hiyo. Na usidhani hizo ni nyuzi za wanafunzi. Zimejaa kwenye majukwaa makubwa duniani kote.

Kwa hiyo unayelipia utando, jiulize kama unauhitaji. Uzi haufi kwa uzee. Unakufa kwa jasho, mafuta ya ngozi na vumbi vinavyojipenyeza kati ya mizunguko ya ule waya wa nje. Uchafu ukishakaa humo, uzi unakuwa mzito hapa na mwepesi pale, hauchezi sawasawa. Kwanza unapoteza ule mng'ao wa sauti, baadaye unaanza kukataa tyuni: ukiwa wazi uko sawa, ukikandamiza freti za juu (vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo ya gitaa) unakwenda kombo. Sasa weka hapo joto la Kisumu, kanisa la mabati, saa nane mchana mwezi wa Januari, ibada ambayo haina dalili ya kuisha. Vidole vinateleza kama vimepakwa samli. Anayepiga hivyo siku nne au tano kwa wiki, na kumbi za usiku juu yake, nitamwambia anunue za utando bila kuona haya. Lakini anayefanya mazoezi Jumamosi na kupiga Jumapili, kitambaa cha pamba kinamtosha. Nawa mikono kabla ya kupiga. Ukimaliza, shika kila uzi kwa kitambaa, juu na chini, kutoka kwenye daraja (pale nyuzi zinapoegemea kwenye mwili wa gitaa) hadi kichwa cha gitaa, kabla hujasimama kusalimiana na watu. Kitambaa kikitoka cheusi, huo ndio uchafu ambao ungelala ndani ya uzi.

Jambo la pili ni sauti yenyewe. Nyuzi mpya zina ile sauti ya kung'aa, na matangazo ndiyo yanauza hiyo. Sasa angalia vijana wetu. Wananunua mng'ao kwa pesa nyingi, halafu wanafunga kitufe cha toni mpaka mwisho kwa sababu kiongozi wa kwaya amelalamika besi inapiga kelele. Na hata usipokifunga, pale ambapo kinanda, ngoma na sauti za watu thelathini vyote vinapitia spika mbili, ule mng'ao unamezwa. Kinachobaki kusikika ni uzito wa noti na mahali ulipoiweka. Rhumba ni hivyo hivyo. Benga ndiyo ina kesi yake. Sikiliza rekodi za D.O. Misiani na Shirati Jazz, usikie jinsi besi inavyoruka na kukatakata chini ya gitaa la solo. Huko unahitaji uzi unaojibu haraka, na hapo nyuzi za nikeli za bei ya kati zinatosha kabisa.

Hapa sasa ndipo ninapobishana na wengi. Kwa mpiga besi wa kanisa au wa rhumba, njia rahisi kuliko zote kwa miaka ni nyuzi bapa. Hizi waya wake wa nje si wa duara bali ni utepe bapa, na uso wake ni laini kama kioo. Bei yake ni ya juu kuliko za kawaida, sikatai, wakati mwingine inafika ile elfu sita au kuipita. Lakini uchafu hauna nafasi kubwa ya kujificha, na hata zikizeeka sauti yake haiharibiki sana kwa sababu haikuwa na mng'ao wa kupoteza. James Jamerson, aliyepiga besi kwenye nyimbo nyingi za kampuni ya muziki ya Motown huko Detroit, alitumia nyuzi bapa nene za La Bella na anajulikana kwa kutopenda kuzibadilisha. Seti moja inaweza kukaa miaka. Gawanya hiyo elfu sita kwa miezi hiyo uone. Zaidi ya hapo, nyuzi bapa hazikwaruzi freti. Za chuma kisichoshika kutu ndizo zinazokula freti haraka, na kuweka freti mpya ni gharama ambayo haiandikwi kwenye pakiti, tena mafundi wanaoifanya vizuri huku kwetu unawahesabu kwa vidole.

Ila kama unapenda kupiga kwa kofi la kidole gumba, nyuzi bapa zitakuudhi. Azima besi ya mtu mwenye nazo, pigia nyimbo mbili tatu, ndipo utoe pesa.

Tuje kwa zile za Uchina ambazo utazikuta karibu kila duka la vyombo, kama Alice. Nimezitumia na sitazitukana. Tatizo lake ni kwamba pakiti moja inaweza kuwa nzuri na ya pili ikawa na uzi mmoja mbovu, na mara nyingi ni ule mnene wa E. Muombe mwenye duka ufungue pakiti pale pale mezani. Pitisha kucha kando ya kila uzi: mizunguko iwe imebanana sawa, pasiwe na pengo wala mahali panapolegea. Tazama kile kipete cha mwisho kama kimeshikwa imara. Ukishauvika, gusa uzi kwa wepesi juu ya freti ya 12 bila kukandamiza, sikiliza, kisha kandamiza hapo hapo na upige tena. Sauti hizo mbili zikilingana kwenye tyuna, kile kifaa cha kupimia noti, umepata uzi. Zikitofautiana, rekebisha kwanza kitandiko chake, kile kipande kinachoubeba uzi pale kwenye daraja. Kikikataa kabisa, au uzi ukitoa sauti inayoyumbayumba kama ina wasiwasi, huo ni mbovu toka kiwandani.

Na majina makubwa kwa bei ya mchezo? Ogopa. Kuna duka moja mjini nililonunua pakiti yenye jina linaloheshimika, maandishi yake yakiwa na ukungu kidogo pembeni, na zile nyuzi zilianza kupata kutu kabla mwezi haujaisha. Kama pakiti ni nusu ya bei ya kila mahali pengine, jina hilo limeazimwa.

Njia inayonisaidia zaidi ni kuagiza kwa pamoja. Wapiga besi wa makanisa matatu au manne wanachanga, mmoja anaagiza Nairobi, mzigo unaletwa kwa basi usiku kucha na nauli ya parseli inagawanywa. Duka nalo humpunguzia bei anayechukua seti kadhaa. Hakikisheni tu mmekubaliana unene. Seti ya kawaida ni 45, 65, 85 na 105, yaani sehemu za elfu za inchi. Kuna na ile inayoishia 100, nyepesi kidogo kwa vidole. Ukihama kutoka unene mmoja kwenda mwingine, shingo ya gitaa itajipinda tofauti, na huenda ukahitaji kukaza au kulegeza kidogo ile fimbo ya chuma iliyo ndani yake. Robo ya mzunguko, halafu subiri. Kama hujawahi, mpe fundi. Angalia pia urefu: besi nyingi ni za inchi 34, lakini kuna ndogo za inchi 30, na uzi uliotengenezewa hiyo ndogo hautafika kwenye kubwa.

Nyuzi zilizokufa, usizitupe. Zioshe kwa spiriti. Chukua bomba la plastiki la maji, refu kidogo kuliko uzi wenyewe, ziba mwisho mmoja kwa kifuniko na gundi yake. Ingiza nyuzi, mimina spiriti mpaka zizame, funika juu, simamisha kwenye kona kwa siku nzima. Asubuhi utaona spiriti imegeuka rangi ya chai ya rangi. Zitoe, zipanguse kwa kitambaa kikavu, zitundike zipate upepo, na baada ya muda mfupi ziko tayari. Sauti inarudi, si yote, ila sehemu kubwa. Fanya haya mbali na jiko na sigara, mlango ukiwa wazi. Tumia ile spiriti ya kawaida ya kuwashia. Ile ya kusafishia vidonda mara nyingi hutiwa mafuta ya mbarika ili isikaushe ngozi, na mafuta ndiyo tunayoyakimbia. Wengine huchemsha nyuzi kwenye sufuria. Inafanya kazi, ila maji yanabaki ndani kule na kutu inafuata. Kuosha hakufanyiki milele, kwa kuwa kila ukiuvua na kuuvika uzi unachoka pale unapopindwa. Uzi ukiwa na vibonyeo chini, pale unapokutana na freti, huo umemaliza kazi yake.

Spiriti hiyo hiyo inafungua mlango mwingine. Wapiga besi wa bendi za hoteli hubadilisha nyuzi mapema, na nyingi hutupwa zikiwa na uhai. Mfanye mmoja rafiki. Ila zitazame urefu kabla ya kushukuru, maana mwenye nazo alizikata kwa kipimo cha gitaa lake.

Ujanja mwingine uachane nao. Nyatiti, kile chombo cha nyuzi cha Waluo, inalia vizuri kwa uzi wa nailoni wa kuvulia samaki, na hakosekani mtu atakayekushauri ujaribu kwenye besi. Pikapu ya besi ya umeme, kile kifaa kinachonasa sauti ya uzi, ni sumaku. Inasikia chuma tu, nailoni kwake ni hewa. Waya wa breki ya baiskeli nao, ambao umelisha magitaa mengi ya kujitengenezea, utakula freti zako na hautakaa kwenye tyuni.

Siku ya kuvika nyuzi mpya, usiukate uzi kabla ya kuupinda. Pima, pinda kona kali kwanza, ndipo ukate mbele ya hiyo kona; ukikata uzi ukiwa umenyooka, waya wa nje unaweza kulegea na uzi mpya ukafa kabla ya noti ya kwanza. Acha urefu wa kuzunguka kikaza (kile kigingi cha kukazia uzi kichwani mwa gitaa) mara mbili au tatu, ukishuka kuelekea chini. Na usiuache ukiwa umejisokota: ushike karibu na kichwa, uuache ujizungushe wenyewe mpaka utulie.

Wenye besi za nyuzi tano, bajeti yenu ni nyingine kidogo. Uzi wa B, wa 130 hivi, ndio mgumu kutengeneza vizuri na ndio unaoaibisha seti za bei ya chini. Mimi hununua nyuzi nne za bei ya kati, na B peke yake kutoka kampuni nzuri, pale duka linapokubali kuuza mmoja mmoja.