Neema mwanangu, kuhusu zile chupa zisizo na lebo

Neema mwanangu,

Marahaba. Mama yako naye anakusalimu.

Umeniuliza kama zile chupa za stoo zisizo na lebo, zenye vyura na mijusi waliokauka, mzitupe au mzihifadhi, maana wenzako wanataka nafasi. Nami nakuuliza: zile zenye lebo mmeshazigusa? Spiriti hukimbia haraka kuliko maji. Chupa iliyobaki nusu haina tena ile asilimia 70 ya spiriti inayohifadhi. Mkiijaza bila kupima, chura anaendelea kuharibika ndani ya chupa inayong'aa. Aliyekauka msimtumbukize kwenye spiriti kali. Aanzie kwenye maji, kisha mpandisheni taratibu. Na lebo isibanduke mguuni. Chura asiye na lebo ni nyama tu, nimekuambia hivyo tangu unasoma shule ya msingi.

Mwaka 1986 zilivuja chupa tatu: ya Uluguru, ya Usambara na ya Udzungwa. Chupa nzima ilikuwa moja. Mkubwa wangu akasema, watie wote humo, lebo si ziko miguuni? Nikawatia. Kumbe nyuzi zilikuwa zimeoza. Asubuhi nafungua, lebo zinaelea juu, na vyura 31 wamelala chini, wadogo kama ncha ya kidole, wote rangi moja ya chai. Na milima ile, kila mmoja una vyura wake usiowakuta kwingine! Nilikaa na kibano mpaka jua likazama, nikawapatia lebo zao tisa. Wale 22 sikuweza. Mkubwa akaniambia nisahau. Muulize mama yako kama nilikula usiku ule.

Kuna watu walipanda mlima kwenye mvua kuwatafuta wale vyura, wakaandika mahali na tarehe kwa mwanga wa kandili. Mimi nikavifuta kwa usiku mmoja.

Mwaka 2004 watafiti walichapisha matokeo ya kupekua ngozi za vyura wa zamani waliohifadhiwa. Wakamkuta chura mwenye kucha wa Afrika Kusini, aliyekamatwa 1938, ana ile kuvu ya ngozi, ileile iliyokutwa kwa vyura wetu wa maporomoko ya Kihansi walipokuwa wakifa. Huo mwaka 1938 waliusoma wapi? Si kwenye ngozi.

Sasa utasema baba anataka tutupe. Hapana, sijasema. Ngozi isiyo na lebo nayo yaweza kuwa na kuvu. Lakini kuvu ya wapi, ya lini? Hata hivyo wanafunzi wanahitaji vyura wa kujifunzia kupasua. Na pengine daftari la mapokezi, lile la kuandikia vyura walipoletwa, bado lipo: idadi iliyomo chupani ikilingana na mstari mmoja tu, na aina ikilingana, umempata mwenyewe. Chura asiye na lebo ni nyama tu, naam, lakini wale 22 niliwabadilishia spiriti mpaka siku nastaafu. Sikuthubutu kuwatupa, wala sikuwa na la kumwambia mtu aliyeuliza ni wa wapi.

Ungekuwa mdogo ningekuamuru, na amri yenyewe iko ulimini. Ila stoo ni yako. Tafuta daftari kwanza. Hesabu waliomo katika kila chupa, uandike kwa penseli, na ukija Pasaka uniletee hiyo orodha tuisome pamoja.

Baba yako